Nani Mwenye Haki ya Kuugeuza Ulimwengu wa RuneScape?

Wapo wasemao kwamba mchezo wa kompyuta ni bidhaa tu, na kwamba mwenye kuutengeneza ana haki ya kuupindua apendavyo, asiulizwe na mtu. Kauli hii hupendwa na watu wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza ni mfanyabiashara, ambaye inamfaa. Wa pili ni mhakiki wa fasihi, ambaye inampumzisha asiutazame mchezo hata siku moja. Wote wawili wamekosea, na kosa lao limekwisha kudhihirishwa na historia ya zaidi ya miaka 20 ya mchezo mmoja wa Kiingereza uitwao RuneScape.

Mchezo huu ulifunguliwa tarehe 4 Januari 2001. Mtunzi wake ni Andrew Gower, kijana aliyesoma Cambridge, akisaidiwa na ndugu zake. Na kampuni yao, Jagex, ikafanya makao yake katika mji huohuo. Mchezaji huingia kwa njia ya intaneti, hujichagulia jina na sura, na mara hujikuta katika nchi ya njozi iitwayo Gielinor, yenye miji na misitu, mazimwi na wachawi, pamoja na maelfu ya watu wengine walioingia saa ileile kutoka pande zote za dunia. Hauna mwisho, wala hauna mshindi. Mtu hukata magogo, huvua samaki, hufua chuma, huoka mikate, hupigana akitaka, na hufuata visa vilivyotungwa kwa ule mzaha mkavu wa Kiingereza. Kisa cha kwanza wanachokutana nacho wengi si cha kuua zimwi. Ni cha kumtafutia mpishi wa jumba la Lumbridge yai, unga na maziwa, apate kutengeneza keki ya bwana wake.

Ulimwengu wa namna hii haufanani na kitabu kilichokwisha kuchapwa. Miaka nenda, miaka rudi, takriban kila wiki, kampuni hutoa mabadiliko: hapa pameongezwa kisiwa, pale bei imepunguzwa makali, kule kisa kizima kimefutwa. Msomaji wa diwani anapolala huamka na kulikuta shairi pale alipoliacha. Mchezaji wa RuneScape hana dhamana hiyo. Anaweza kuamka Jumanne na kukuta sheria za nchi aliyoishi miaka sita zimebadilishwa usiku, naye hakupelekewa hata salamu.

Haki isemwe kabla ya lawama: mabadiliko mengine yalikuwa mema. Tangu mwaka wa mwanzo mchezo ulikuwa na kisa cha Romeo na Juliet, kilichoazimwa kwa Shakespeare na kugeuzwa kichekesho. Romeo wa mji wa Varrock ni baradhuli asiyejua aendako wala atokako, na mchezaji hutumwa huku na huko kupeleka barua na kuchuma matunda ya kutengenezea dawa ya kumlaza Juliet. Baadaye kisa hicho kiliondolewa, na mwaka 2010 kikaja kisa cha mbilikimo aitwaye Dororan, mshairi asiyejiamini, ampendaye binti wa kabila la wapiganaji, naye huhitaji kusaidiwa kuchagua maneno ya shairi lake. Kwa mpenzi wa ushairi hakuna haja ya mjadala mrefu: kisa cha pili ni bora. Kinamwonyesha mtunzi akihangaika na neno, jambo ambalo riwaya nyingi zisemazo habari za washairi hazijathubutu kulionyesha. Lakini ubora wa Dororan haujibu swali la kwa nini Romeo alazimike kufa mara ya pili. Rafu ya vitabu haimtupi mzee nje ili kijana apate nafasi.

Ubaya mkubwa ulikuja mwishoni mwa mwaka 2007, na ndio unaostahili kuelezwa kwa kituo.

Hadi wakati huo biashara katika Gielinor ilifanywa mdomo kwa mdomo. Mwenye kamba koche wake mia alisimama mbele ya benki ya Varrock akinadi kwa maandishi ya rangi yaliyometameta juu ya kichwa chake. Mnunuzi alipita, akauliza bei, akashusha, akaondoka, akarudi. Walikuwapo matapeli, walikuwapo waungwana, na walikuwapo watoto wa miaka 12 waliojifunza pale, kwa hasara ndogo ya sarafu za uongo, kwamba si kila acheaye ni rafiki. Ilikuwa lugha ya soko yenye vifupisho vyake, matani yake na adabu zake. Kaskazini kulikuwa na Nyika, nchi isiyo na sheria, ambako mtu aliweza kumshambulia mwenziwe na kuchukua mali aliyokufa nayo. Aliyekwenda huko alikwenda kwa hiari yake na roho mkononi.

Novemba 2007 likaanzishwa soko kuu ambamo muuzaji na mnunuzi hawaonani. Kila mmoja huacha mzigo wake kwa karani na kwenda zake. Disemba 2007 Nyika ikaondolewa mapigano ya mtu kwa mtu. Januari 2008 ikaja amri nzito kuliko zote: watu wawili wakipeana vitu, thamani ya kilichotolewa na ya kilichopokewa sharti zikaribiane, tofauti isizidi kiasi kidogo kilichowekwa na kampuni.

Mtu asiyecheza aweza kuiona amri hiyo ni ya kihasibu tu. Tafsiri yake ni kwamba zawadi ilipigwa marufuku. Kaka mkubwa hakuweza tena kumpa mdogo wake aliyeanza jana upanga wa kuanzia maisha. Tajiri aliyechoka na mchezo, aliyezoea kugawa mali yake uwanjani kabla ya kuaga, hakuweza tena kugawa. Yeyote aliyelelewa katika jamii ambayo mgeni hapokelewi mikono mitupu aelewe ukubwa wa jambo hilo: jamii nzima ya watu ilikatazwa ukarimu kwa mpigo mmoja wa programu.

Kampuni ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuwa ya uongo. Kulikuwa na biashara haramu ya dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi. Magenge yalichuma dhahabu kwa roboti na kwa vibarua, yakaiuza nje, na baadhi ya wanunuzi wa huduma walilipa kwa kadi za benki zilizoibwa, hasara ikairudia kampuni. Ugonjwa ulikuwapo. Lakini tabibu aliyemkata mgonjwa mikono kwa sababu mwizi ana mikono hasifiwi kwa utambuzi wake wa ugonjwa. Wachezaji walikusanyika ndani ya mchezo wenyewe kulalamika, wengi wakaondoka, na waliobaki wakaishi miaka mitatu katika nchi isiyo na hedaya.

Kisha, mwishoni mwa mwaka 2010, kampuni ikafanya lile ambalo ingalilifanya mwanzo: ikauliza. Zaidi ya kura milioni 1.2 zilipigwa, na asilimia 91 zikataka Nyika ya zamani na biashara huria virudi. Vikarudi tarehe 1 Februari 2011. Wale wanaopenda kusema kwamba wachezaji ni kundi la watoto wasiojua watakacho wangefaa kuzisoma tarakimu hizo kabla ya kusema tena.

Je, funzo lilishikwa? Halikushikwa kwa muda mrefu. Februari 2012 likaletwa gurudumu la bahati: mchezaji hulizungusha kila siku apate tuzo, na punde baadaye akaruhusiwa kununua mizunguko zaidi kwa fedha taslimu. Mchezo ambao fahari yake yote ilikuwa kwamba mkulima na mwana wa mfalme hukata mti uleule kwa muda uleule, sasa ukauza uzoefu kama karata. Gurudumu likarithiwa mwaka 2014 na masanduku ya hazina ya namna hiyohiyo. Matokeo yake hayakuishia kwenye skrini. Septemba 2019 kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia mambo ya utamaduni na michezo ilitoa ripoti juu ya teknolojia za kulevya, na ndani yake mna habari za mzazi ambaye mwanawe, mtu mzima, alijitia katika deni la zaidi ya pauni 50,000 kwa matumizi ndani ya RuneScape. Pauni elfu hamsini, katika mchezo ulioanza kwa yai na unga.

Novemba 2012 yakafuata yale yaliyoitwa Mageuzi ya Mapigano. Mapigano ya zamani yalikuwa sahili mno: mtu humbonyeza adui, kisha husubiri, huku akizungumza na wenziwe. Ndiyo maana watu walizungumza. Kwa mageuzi hayo kila pigo likahitaji kitufe chake na wakati wake, mikono ikashughulika, na vinywa vikafungwa. Watungaji waliudhani usahili ule ni upungufu wa sanaa yao. Ni kosa linalofahamika kwa yeyote aliyewahi kusikia utenzi mrefu ukighaniwa: mpigo unaojirudia ndio unaoipa hadhira nafasi ya kukaa pamoja. Mwaka 2014 kampuni ilirudisha namna ya kupigana iliyokaribia ile ya kale kwa aitakaye, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Walihamia wapi? Hapa ndipo ilipo ajabu ya habari hii. Ilikutwa katika hifadhi za kampuni nakala kamili ya mchezo kama ulivyokuwa Agosti 2007, miezi michache kabla ya zile amri. Nakala ya akiba tu, ya aina inayotunzwa kwa hofu ya moto au hitilafu ya umeme. Mapema mwaka 2013 wachezaji waliulizwa kama waitaka. Zikapigwa kura zaidi ya 440,000, na tarehe 22 Februari 2013 ulimwengu ule wa kale ukafunguliwa upya kwa jina la Old School RuneScape.

Msomaji wa mashairi asishangae. Sehemu kubwa ya tungo za Muyaka bin Haji imetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizihifadhi na kuzieleza, na W. E. Taylor akaziandika, nusu karne baada ya mshairi kufariki. Kazi husalimika kwa aliyeweka nakala, hata kama hakujua anamwekea nani.

Wapinzani walikuwa na jibu tayari. Walisema watu hawa wanalilia ujana wao; wapewe miezi sita, watakinai. Jibu hili limetumika kwingine pia. Wenye mchezo wa World of Warcraft wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2004 na ambao mwaka 2010 nchi zake nyingi za awali zilivunjwa na kujengwa upya, waliambiwa mwaka 2013 na mkubwa mmoja wa kampuni, hadharani, kwamba wanadhani tu wanautaka mchezo wa zamani lakini hawautaki. Miaka sita baadaye, Agosti 2019, kampuni ileile iliufungua mchezo wa zamani, na foleni za kuingia zikawa ndefu kupita makadirio. Ama RuneScape ya kale, mwaka 2025 wachezaji wake waliokuwamo kwa wakati mmoja walivuka 200,000. Baadhi yao walikuwa hawajajua kusoma Agosti 2007, na wengine hawajazaliwa. Haiwezekani mtu kuulilia ujana ambao hakuwa nao. Wameipenda kazi kwa sababu ni kazi nzuri, na mhakiki aitwaye mhakiki angeligundua hilo mapema kuliko mhasibu.

Kilichouhuisha ulimwengu ule ni zaidi ya nakala, hata hivyo. Liliwekwa sharti: jambo jipya lolote la maana halitaingia mpaka wachezaji walipigie kura, na lisipopata asilimia 75 linaanguka. Hapo ndipo palipotokea ushahidi mkubwa kuliko wote. Soko lile kuu la mwaka 2007, lililolaaniwa na wapenzi wa mnada wa mdomo, lilipelekwa kwa wachezaji. Nao wakalikubali, likafunguliwa mwaka 2015. Soko ni lilelile, tofauti ni kuulizwa. Mwenye kusema kwamba wapenzi wa kale ni maadui wa kila jipya hana pa kulificha soko hili.

Sharti hilo nalo lina dosari, na kuifunika si uungwana. Asilimia 75 ni ngome ngumu. Watu wachache wenye woga waweza kuizuia jamii nzima. Stadi mpya mbili, moja ya ufundi na nyingine ya kinga za kichawi, zilibuniwa kwa bidii na zote zikaangushwa, ya pili mwaka 2019. Miaka ikapita mchezo ukiwa na stadi zake 23 zilezile za 2007, huku baadhi ya wapiga kura wakijiona walinzi wa kaburi. Mwaka 2022 kiwango kikashushwa hadi asilimia 70. Wapo waliopiga kelele kwamba ahadi imevunjwa, na kelele zao zilikuwa na mantiki, maana anayeweza kushusha kiwango leo aweza kukifuta kesho.

Lakini ni baada ya hapo ndipo wachezaji walipoichagua, mwaka 2023, stadi ya 24, na kwa watu wa visiwani uchaguzi wao una ladha ya pekee: wakataka ubaharia. Kwa miaka mingi wazo la kusafiri baharini lilikuwa mzaha wa wachezaji, jambo la kutajwa Siku ya Wajinga. Tarehe 19 Novemba 2025 likawa kweli. Mchezaji huanza na chelezo, akapanda daraja hadi mashua na jahazi, akavua, akaokota mali ya merikebu zilizozama, na akafika visiwa ambavyo awali vilikuwa maji matupu kwenye ramani. Mchezo wa miaka 24 ulikuwa umezungukwa na bahari siku zote, na hakuna aliyeweza kuing'oa nanga mpaka walipokubaliana wenyewe.

Wapo wasiopiga kura kabisa, ingawa mabadiliko huwagusa kuliko wote. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, watu wengi wa nchi hiyo waliingia katika RuneScape ya kale, wakaua mazimwi ya kijani saa baada ya saa, wakauza dhahabu yake kwa dola chache zilizonunua chakula halisi. Sheria za mchezo zilikataza na bado zinakataza. Mwaka 2017 wachezaji wengine walifikia hadi kupeana mbinu za kuwawinda. Umeme ulipokatika nchini Venezuela Machi 2019, bei za bidhaa katika Gielinor ziliyumba. Asemaye kwamba huu ni mchezo tu awaambie hao. Kila tone la dhahabu linalopunguzwa kwa zimwi, kwa sababu njema au mbaya, hupunguzwa pia katika sufuria ya mtu ambaye mbuni wa mchezo hatamwona kamwe, na hesabu hiyo haijawahi kuwekwa katika karatasi ya kura.

Inabaki hoja ya umiliki, ambayo wapinzani huishikilia kama mlingoti. Mwenye mali, wasema, ndiye mwenye neno. Mwenye mali ni nani? Gower, mtunzi, aliondoka katika bodi ya kampuni mwishoni mwa mwaka 2010, na mwaka 2024 alitoa mchezo wake mwingine. Kampuni aliyoiacha imekuwa ya wawekezaji wa Marekani; mwaka 2016 ikauzwa kwa Wachina; mwaka 2021 ikawa ya Carlyle; mwaka 2024 ikachukuliwa na CVC na Haveli. Wenye mali wamebadilika kama abiria wa feri. Katika muda huohuo kuna wachezaji waliokuwamo tangu 2001 na hawajatoka. Ikiwa urefu wa kukaa na kutunza una thamani yoyote mbele ya sheria za sanaa, basi wageni katika nyumba hii ni wenye hati.

Nao hao wenye hati wana uwezo ambao hakuna mchapaji wa diwani aliyewahi kuwa nao. Toleo la kwanza kabisa la mchezo, lile la 2001, liliendelea kupumua pembeni kwa jina la RuneScape Classic hadi tarehe 6 Agosti 2018, lilipofungwa. Kabla ya siku hiyo wachezaji wachache walikesha wakirekodi kila pembe ya ramani na kila mazungumzo ya kila mhusika, ili kisipotee. Kazi ya mkutubi ilifanywa na watu wasiolipwa, usiku, kwa haraka, kwa sababu tarehe ilikuwa imetangazwa. Mchapishaji wa kitabu nchini Uingereza hulazimika kisheria kuipelekea British Library nakala ya kitabu chake. Wenye ulimwengu kama huu wabanwe vivyo hivyo: kabla ya kila mageuzi makubwa nakala ipelekwe mahali pasipo chini ya amri yao, ikiwa kamili na yenye kuweza kufunguliwa, na ile ya Agosti 2007 iwe ya kwanza, kabla hajaja mnunuzi mwingine.